Miti Iliyofunika Kambi

«Ripoti ya Awali ya Tathmini ya Mchoro wa Mapambo wa Mandhari kwa Rangi za Mafuta, Mchoraji Hajulikani.» Ndivyo walivyoibatiza picha yetu ya sebuleni, wanangu, na mimi Banza, baba yenu, sikupata cheo kirefu hivyo hata kiwandani.

Sogeeni. Bibiane, zima redio. Rémy, kaa, mnunuzi wa Lubumbashi hatakimbia, anayeondoka ni mimi. Picha hii babu yenu aliachiwa na mhandisi mmoja aliyefunga virago kurudi Ulaya: vilima vya Panda, anga, na miti mingi kupita kiasi. Mama yangu, kila akifagia, aliigusa miti ile akasema, "Nyumba yetu iko nyuma hapa, madamu wa mhandisi aliifunika kwa miti, hakutaka kula huku akitazama kambi ya wafanyakazi." Tulimcheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi tulikuwa hai mno.

Jana Placide, mtathmini wenu, alilowesha pamba katika dawa yake, akasugua kona moja, mti ukatoka na pamba, yakabaki mapaa. Wanangu, niliuona mlango wetu. Niliona mwanamke, mdogo kama punje ya mchele, ameinamia mbabula akipuliza makaa. Kambi ilibomolewa, kaburi la mama yangu limechimbuliwa na watafuta madini. Duniani hana mahali pengine. Naye Placide akanitazama kwa huruma ya daktari: "Papa, bantu banataka miti. Hii manyumba ya kambi njo inaharibu bei." Na wewe Rémy, mwanangu wa kumzaa, ukamwuliza mbele yangu, "Sasa, miti inaweza kurudishwa?"

Sikilizeni. Nyumba gawaneni. Ugomvi wangu na mjomba wenu Tshimanga uzikeni pamoja nami, maana hata sababu yake tumeisahau sote. Lakini bibi yenu msimfunike mara ya pili. Mwacheni ukutani, watoto wenu wamwone akiwasha moto. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa; leo anayekufa ndiye anayesema, na masikio mazima ndiyo hayasikii.

Maji, Bibiane... Basi, yatosha. Mungu awape pa kurudi jioni, na mtu wa kuwafungulia... wote... Rémy naye. Rémy zaidi...

Mzee Banza alizikwa Alhamisi. Jumamosi Rémy alimleta mchoraji wa mabango ya maduka, akapaka miti, na picha ikauzwa Lubumbashi.