Mbegu Haingoji Mpatane

Sogeeni, wanangu. Evodio kaa huku kuliani, Herminia huku kushoto, maana pumzi iliyobaki haitoshi kumwambia kila mtu peke yake. Shamba la bondeni ni la Evodio. Nyumba hii na jiko la mama yenu ni vya Herminia. Hayo hayana mjadala. Ninalowausia ni pilipili.

Poblano yetu, ile pana ya kijani kibichi isiyomliza mtoto, ambayo marehemu mama yenu aliibabua motoni, akaimenya kwa vidole bila kuitia maji, akaijaza nyama na matunda hadi watu wa Puebla mjini wakatufuata huku mlimani, haikushuka mbinguni. Kila mwaka tuliuacha mstari wa kando ya mfereji uive mwekundu, tukatoa mbegu. Mwaka juzi, Evodio, mwezi Agosti watu walipoigombania kwa karamu, ukaichuma yote ingali mbichi, ukisema mbegu zimejaa madukani. Hizo za dukani zilizaa pilipili kali zikakuunguza ulimi. Sikukucheka mbele ya mkeo, lakini nilicheka. Nawe, Herminia, ukabeba akiba iliyobaki, ukaapa mdogo wako hataigusa. Tangu hapo mnapishana kanisani kana kwamba hamkunyonya ziwa moja, na mimi baba yenu inaniuma.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nyinyi mmegombana hadi mwenye shamba hana mbegu, na mwenye mbegu hana shamba. Sasa mbegu ya pilipili haingoji watu wapatane; ikikaa sana kabatini hufa kimya kimya, na hii yetu msimu huu isipopandwa, basi tena.

Nipeni maji kidogo... Ahsante.

Herminia, fungua hiyo leso, nimeiona tangu ulipoingia. Usingeileta kama moyo wako ungekuwa jiwe. Evodio, kinga mikono yote miwili. Usimnyang'anye, kinga. Haya, mwite dada... Sijasikia. Tena.

Mungu awape mvua ya kiasi... na wajukuu wangu wale sahani moja. Nizikeni kando ya mama yenu, bila makuu.

Mbona mmenyamaza? Semeni, wanangu. Mkishindwa kusemezana kwa wema, basi gombaneni... lakini kwa sauti. Nataka nilale nikiwasikia.