Mkaguzi Amesema Kesho

Nje ya kibanda cha Gatluak, fundi pikipiki wa Kakuma wanayemwita Spana, kuna benchi la mbao, na kando yake Yar huuza kahawa tangu asubuhi. Jioni hiyo Mwalimu Ebenyo alifika na chaki bado vidoleni, akaketi bila salamu. Magloire, mwalimu Mkongo wa shule za kambini, ambaye benchi zima humwita Profesa, akamsogezea kikombe na kumwamkia kwa Kiturkana.

— Ejok, mwalimu. Mbona uso wa matanga?

— Leo mkaguzi wa elimu alikuja kutoka Lodwar. Aliketi nyuma ya darasa langu dakika arobaini, akiandika tu. Mwishoni akafunga faili, akasema, "Tutaonana kesho."

— Ulifanya vizuri ama vibaya? Gatluak akauliza.

— Hata sijui! Hakusema.

— Basi hiyo ni transfa. Unapelekwa kule mbali, Kaaleng. Wahenga walisema, kimya kingi kina lori la kuhama.

— Hapana, miye naijua hii, Profesa akadakia. Fomu yao iko na nafasi ya andalio la somo, nafasi ya chati za ukutani, nafasi ya tai. Nafasi ya mtoto hakuna. Ulivaa tai?

— Na hili joto?

— Ona sasa! Mgeni njoo, mwenyeji avae.

— Wallahi, huyo si mkaguzi, Gatluak akasema. Ametumwa kupima kiwanja cha shule. Kesho anakuja na kamba.

Ebenyo akapangusa chaki vidoleni.

— Nikifundisha kule Kerio, alikuja mkaguzi mmoja, mama. Aliona kugawanya kumenishinda. Akachukua chaki, akatuma watoto walete samaki kumi na wawili, tukawagawa mafungu. Tangu siku hiyo nafundisha kugawanya bila woga. Huyu wa leo nilimngoja ainuke. Hakuinuka.

— Na somo lilienda aje? Gatluak akauliza.

Ebenyo aliangalia ndani ya kikombe.

— Lilienda poa kabisa. Kila mkono juu. Nilirudia la jana.

Profesa akakohoa.

— Hata miye hufanya hivyo. Tunafanya wote.

— Leo ilikuwa zamu ya desimali. Desimali zinanichanganya hata mimi. Ningeaibika mbele yake.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja gurudumu lake lizibwe akasogea. Alijitaja: Abigael, binti yake Akiru yuko darasa hilohilo.

— Mwalimu, mimi sikusoma, nauliza tu. Huyo mtu akirudi kesho, watoto watafundishwa ya jana tena?

Gatluak akajifanya kutafuta gundi. Ebenyo alimtazama yule mama, akaona hana mzaha, anangoja jibu kweli. Akatafuta ndiyo, akatafuta hapana. Ndiyo ingemwibia Akiru somo, hapana ingemweka na desimali mbele ya mkaguzi.