Nyumba ya Wazazi ya Ng'ambo ya Lualaba

Poleni na msiba, wazee wetu, mama zetu, na ninyi wajumbe wa baraza mliokaa mbele, familia inaomba masikio yenu, na aliyekuja kusikia sifa tupu avumilie, kwa maana marehemu hakupenda hesabu iliyopambwa.

Ferdinand Onema alizaliwa karibu na Kailo, mapadri waliandika tarehe 3 Mei 1904, mama yake alishikilia kwamba ulikuwa wakati wa kuvuna mpunga, basi hilo tuwaachie wenyewe. Alisoma misheni tangu 1914 hadi 1921, akatoka na mwandiko mzuri hata Wazungu wakampa barua zao anakili, na tarehe 1 Februari 1934 akawekwa kuwa karani wa kesi, yaani mweka hazina, wa sekta yetu hii ya ng'ambo ya mto Lualaba, kazi aliyoishika miaka ishirini na sita, chini ya wakubwa tisa wa Bula Matari, hiyo serikali ya Wabelgiji, wote wakarudi kwao na afya zao.

Tarehe 20 Juni 1936 alimwoa Pélagie, binti wa kutoka Pangi, mwenye kucheka hata kanisani. Tarehe 13 Novemba 1938 uchungu ulimshika, hospitali iko upande wa pili, kivuko kimefungwa kwa sababu ni Jumapili, akafia ufukweni na mtoto tumboni, Ferdinand amemshika mkono. Ee Mungu, watu walikuwa wanaona.

Tangu hapo, kila alipoandaa bajeti ya sekta, aliongeza mstari mmoja: nyumba ya wazazi, ya kina mama kujifungulia, upande wetu. Kila mwaka ulirudi umekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa mwaka kesho, mara ni barabara, mara ni vita vyao na mpira wao wa kugema porini, mara ni nyumba ya wageni yenye vioo, na ngoja ngoja huumiza matumbo, hapa kwetu iliyaumiza kweli, mama kumi na saba waliokufa kwa uzazi aliwaandika majina. Watu nao wakamwita Bwana Mwaka Kesho, wakidhani anayekataa ni yeye, maana muhuri wa kodi ulikuwa mkononi mwake, wanawake wakapishana naye bila salamu. Jina hilo lilimuuma, akisema nyumbani, kwao ni mimi tu, mimi njo nalipisha, mimi njo nakatala, Bula Matari iko wapi?

Mwaka 1941 alimwoa Zawadi, huyu mjane wetu, wakapata Léon na Marie-Louise, wote wawili wamezaliwa Kasuku, upande wa hospitali, kwa kuwa kila mimba ilipofika mwezi wa nane alimvusha Zawadi akakae kwa shangazi, hakutaka kusikia habari ya kivuko.

Desemba 1959 tulichagua wajumbe wetu wenyewe, weusi kama sisi, na tarehe 18 Januari mwaka huu Ferdinand alisimama mbele yao, akasoma yale majina kumi na saba, wakampigia makofi, kisha wakapitisha viti vya baraza na gari, nyumba ya wazazi wakaiachia frangi elfu nne, za kufungulia mstari tu. Yeye alirudi nyumbani anacheka, mstari umepita, mama Léon, haukukatwa, akala mara mbili.

Februari ini lilivimba, akavushwa kwa mtumbwi, akafariki hospitalini Jumatano, tarehe 9 Machi 1960, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Anne aliyemwosha kama baba yake, majirani waliopiga makasia, na makarani wenzake. Tunalishukuru pia baraza, lililonunua jeneza hili la mbao nzuri na kukodi lori. Jana Léon alitia sahihi risiti, akasoma fedha zimetoka wapi, ni mstari wa nyumba ya wazazi, frangi elfu nne zote, hazikubaki hata za msumari. Tulitaka kulirudisha jeneza, lakini baba alikuwa ameshalazwa ndani.

Utusamehe, Ferdinand. Pumzika, na amani ikufikie huko, kama njia iko.