Kishikwambi cha Bibi Ginka: Nguvu au Akili?

Mbele ya duka la Zlatka, chini ya mzabibu uliopanda mpaka kwenye bomba la mvua, kuna benchi la kijani ambalo kijijini halikaliwi ovyo. Upande wa kushoto ni wa Stamen, fundi matrekta mstaafu, ambaye watu wote wanamwita Injini. Upande wa kulia ni wa Rangel, aliyekuwa karani wa posta, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Katikati hukaa kahawa. Lakini Jumamosi hiyo katikati alikaa Bibi Ginka, amefunga kichwani kitambaa chake cha sikukuu, mapajani amepakata mkate wa mviringo alioamka alfajiri kuuoka, na juu ya mkate kishikwambi kipya kilicholetwa Bulgaria na basi kutoka Hispania. Kahawa ilisogezwa chini, kwenye kreti la bia.

Huko Valensia mjukuu wake, Kalina, alikuwa ameanza kutembea. Na mtoto akianza kutembea haachwi atembee tu hivi hivi. Mkate hubingirishwa sakafuni, vitu hupangwa mezani, mkasi, kalamu, mwiko, kitana, kisha mtoto huufuata mkate kwa miguu yake na kushika kazi atakayoifanya ukubwani. Bibi Ginka alikuwa hajamwona Kalina ila kwenye picha. Siku hii alitaka kuiona kwa macho yake.

Kishikwambi kikalia. Sauti nyororo ya kike ikasema:

— Vesela anapiga. Unapokea? Jibu kwa kichwa.

Vidole vya Bibi Ginka vilikuwa vimekaushwa na majani ya tumbaku aliyoyatunga uzini tangu usichana, na kioo hakivihisi hata akikigonga kama mlango. Ndiyo maana Vesela, bintiye, alimwekea programu hii ya kichwa: ukikubali inafungua, ukikataa inafunga.

Bibi Ginka akatikisa kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, kwa moyo wote, mpaka kitambaa kikamteleza.

— Sawa, kikasema kishikwambi kwa adabu. Kikazima.

— Mara ya tatu! akasema Injini, akipiga goti. Mara ya tatu kinakufa mikononi mwetu! Nilisema nini mimi? Hakina nguvu.

— Kinazo nguvu za kutosha, akasema Profesa. Kinachokosa ni akili.

— Wee Rangel, kitazame! Chembamba kama biskuti! Injini itakaa wapi humo? Trekta langu la kwanza lilikuwa na injini kubwa kuliko jiko la Zlatka, na halijawahi kunizimikia.

— Halikukuzimikia kwa sababu halikuwahi kuwaka. Kijiji kizima kililisukuma.

— Lilikuwa linapumzika!

— Jamani, akasema Bibi Ginka, mtoto ananisubiri.

— Tulia, Ginka, tuko kazini, akasema Injini. Hiki kinatakiwa kiongezewe nguvu. Ninayo betri ya gari nyumbani. Nikichukua waya mbili...

— Ukichukua waya mbili, tutakuzika Jumatatu, akasema Zlatka, akitoka na kahawa ya pili.

Nyuma ya Zlatka akaja mwanamke kijana mwenye koti la njano. Alikuwa Oksana, aliyehamia kutoka Odesa wiki hiyo kwenye nyumba iliyo jirani na kanisa, na Kibulgaria chake kilikuwa bado cha polepole.

— Samahani, akasema. Mkate upo?

Zlatka, sinia mkononi, akamtikisia kichwa kulia na kushoto, akatabasamu.

Oksana akashusha pumzi. Kikapu chake kilikuwa kitupu. Lakini hakuondoka, kwa sababu benchi lilikuwa limeanza kupiga kelele.

— Sikilizeni, alikuwa anasema Profesa. Programu hii imetengenezwa na nani? Na vijana. Hao vijana wana bibi? Wanao. Wanawatembelea? Hawawatembelei! Sasa programu ikiona uso wa bibi, inaona kitu ambacho haijafundishwa. Inasema "sawa" kwa kuona haya, kisha inajificha.

— Inajificha wapi?

— Ndani, Injini. Programu hukaa ndani.

— Ndani kuna joto! Ndiyo sababu inazima! Zlatka, friji ya barafu za watoto iko wazi?

Bibi Ginka alitaka kukataa, lakini tayari Zlatka alikuwa amekitwaa kishikwambi na kukilaza kati ya barafu za vanila na zile za sitroberi. Wakanywa kahawa wakikisubiri kama mtu anayemsubiri mgonjwa nje ya wodi.

— Kingine, akasema Profesa, akinyanyua kidole. Kimetoka Hispania. Huenda kinafikiri Kihispania. Kikitolewa, kisalimieni kwanza. Ola.

— Nani aseme ola?

— Sote. Kisijisikie mgeni.

Simu ya vibonyezo ya Injini ikalia mfukoni. Akasikiliza, akaiweka kwenye sikio la Bibi Ginka, na sauti ya Vesela ikasikika na kila mtu kwa jinsi alivyokuwa anapaza.

— Mama, kuna nini? Kila nikipiga inakatika! Kalina hataki kushikwa tena, anajinyonganyonga mikononi mwangu. Napiga mara moja zaidi. Isipopokelewa namwachia, Mama, siwezi kumzuia mtoto asitembee!

— Piga, mwanangu, piga! Nipo!

Bibi Ginka akashika mkate wake kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa, naye hakutaka wale wazee wamwone, kwa hiyo akautazama mzabibu.

Zlatka akakileta kishikwambi, kina theluji pembeni. Benchi zima likakiinamia.

— Ola! wakasema.

— Samahani, akasema Oksana.

— Mkate upo, dada, ngoja kidogo, akasema Zlatka bila kugeuka.

— Si mkate. Nataka kuuliza. Bibi, kwa nini hutaki kuongea na binti yako?

Wote wakamgeukia, hata Profesa.

— Nani hataki? akasema Bibi Ginka.

— Wewe. Nimekuona. Kimekuuliza kama unapokea, ukafanya hivi. Oksana akatikisa kichwa kulia na kushoto. Ukakataa.

— Nilikubali!

— Hivi ni kukubali?

— Sasa je, kukubali kukoje?

Oksana akainamisha kichwa, juu chini, juu chini. Benchi likamtazama kama mtu anayevua viatu ili avae kofia.

— Lakini hiyo ni hapana! akasema Injini.

— Kwenu, akasema Oksana taratibu, na uso wake ukaanza kuchangamka. Kwenu! Basi Zlatka, tangu Jumatatu naulizia mkate...

— Na mimi tangu Jumatatu nakwambia upo! Nikawa najiuliza, huyu mwanamke mbona anaulizia mkate halafu anaondoka bila kununua? Nikasema labda anapenda kuuliza tu!

Wakacheka wote wawili mpaka Zlatka akashikilia mlango.

— Si nilisema? akanguruma Profesa. Programu! Haikufundishwa vichwa vya watu wa hapa!

— Programu gani? Kilichokosea ni shingo! Na shingo ni kifaa, Rangel, ni kifaa kabisa, ina hata mifupa!

— Na Vesela je, aliyeiweka?

— Vesela kaishi Valensia miaka mingi, akasema Bibi Ginka. Kichwa chake kimeshahamia huko.

Kishikwambi kikalia.

— Vesela anapiga. Unapokea? Jibu kwa kichwa.

— Chini, Ginka! Chini!

Bibi Ginka akajaribu. Lakini shingo iliyokubali kwa namna moja tangu utotoni haigeuzwi kwa amri. Kichwa kilianza kwenda chini, kikakumbuka furaha yake, kikakunja kona kuelekea kulia.

— Kishike! akapiga kelele Injini, akimkamata masikio.

— Mwache, utamvunja! Profesa akajitupa mbele ya benchi na kupiga magoti. Ginka! Nitazame. Injini akikuposa leo hii, utaolewa naye?

Bibi Ginka akainamisha kichwa, juu chini, mara nne, kwa nguvu ambazo hakuna mtu aliyejua kwamba anazo.

— Sawa, kikasema kishikwambi. Kioo kikajaa mwanga.

— Hata hukufikiria kidogo? akauliza Injini.

Hakujibiwa. Kalina alikuwa pale, mzima, mwenye nywele zilizosimama kama manyoya ya kifaranga, amening'inia kwenye kidole cha mama yake. Bibi Ginka akauchukua mkate mapajani na kuubingirisha. Ukaviringika juu ya saruji, ukapita viatu vya Oksana, ukateremka kuelekea kisima. Huko Valensia mkate mwingine ukaviringika. Kalina akauona, akaachia kidole.

Benchi lilisahau kupumua. Hatua, hatua, akayumba, akakaa chini, akanyanyuka, hatua. Akaupita mkasi. Akaigusa kalamu akaiacha. Akaukamata mwiko kwa mikono yote miwili na kuupiga mezani.

— Mpishi! akapiga kelele Zlatka.

— Mhandisi! akasema Injini, akifuta macho. Tazama anavyougonga, anapima kama ni imara!

— Mama! akaita Vesela, akicheka na kulia. Mama, umeona? Umefurahi?

Bibi Ginka akatikisa kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, machozi yakiruka pande zote mbili.

— Sawa, kikasema kishikwambi. Kikazima.

Wakatazamana. Kahawa ilikuwa imeisha, Oksana alikuwa anarudi kutoka kisimani ameukumbatia mkate kifuani, na kishikwambi tayari kilikuwa kinalia tena.

— Upesi, akasema Bibi Ginka, akikiweka sawa kitambaa chake. Niulizeni jambo jingine baya!