Amina ya Kituo cha Hospitali

Fundi cherehani alijifanya anachungulia nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma yake, ambako mchungaji mwenye mkoba wa vitabu alikuwa anahojiwa na mama asiyemjua.

"Kumbe unasomea udaktari wa dini, baba mchungaji. Unaandika juu ya nini hasa?"

"Maombi yasiyojibiwa, mama. Nilianza mke wangu akiwa mgonjwa. Yeye nimeshamzika, tasnifu bado haijaisha."

"Pole. Ila umenifaa. Mwanangu anapasuliwa kichwa asubuhi hii, nami nimeomba mpaka ulimi umekauka. Niombee wewe kabla sijashuka."

Mchungaji alikaa kimya kirefu, hata fundi akasahau kujifanya anatazama nje.

"Mama, nisikudanganye. Siku hizi nikifumba macho naona tanbihi tu: nani alisema nini, na nani alimpinga."

"Miaka yote hiyo ya masomo wanakufundisha kunyamaza? Kunyamaza hata mume wangu anajua, na darasani hajakanyaga."

"Nimesahau kuomba, mama. Sikutaka, ila nimesahau."

"Basi tumechoka wote wawili. Shika mkono wangu."

Mchungaji akaushika, akainamisha kichwa, akafungua kinywa. Hapo basi likasimama mbele ya lango la hospitali, na kondakta akagonga bati kuhimiza wanaoshuka.

"Amina," mama akasema, akauchomoa mkono wake taratibu, akashuka.

Fundi, aliyekuwa ametega masikio yote mawili, hakuwa amesikia neno hata moja la maombi la kuitikiwa.