Valija Birzniece na Glavu ya Mfuga Kuku (1941–2024)

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja katika theluji hii. Mama yetu hakupenda hotuba ndefu, hasa za watu waliosimama kwenye baridi, kwa hiyo tutajitahidi.

Valija alizaliwa tarehe 6 Februari 1941 katika shamba la Vecbērzi, nje kidogo ya mji wa Kuldīga, akiwa mtoto pekee wa Augusts na Emīlija. Baba yake alifia vitani kabla yeye hajajua kulitamka jina lake.

Tarehe 25 Machi 1949, akiwa na miaka minane, yeye na mama yake walitolewa nyumbani alfajiri na askari wa utawala wa kigeni ulioikalia nchi yetu, wakapakiwa kwenye behewa la mizigo na kupelekwa Siberia. Huko Emīlija alifumua sweta lake mwenyewe akamfumia binti yake glavu za sufu zenye nyota ya pembe nane, kama zilivyofumwa kwao. Februari 1955 Emīlija alifariki kwa homa ya mapafu. Kwetu anayechimba kaburi hupewa glavu, hata marehemu awe maskini vipi. Valija, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa na jozi moja tu, ile aliyoivaa. Alivua ya kulia akampa mchimbaji, mzee wa hapo kijijini.

"Moja nitaifanyia nini, binti?" mzee aliuliza.

"Nyingine naihitaji, babu. Nisamehe."

Mzee aliivaa hivyo hivyo, akachimba. Mama yetu alimshukuru mzee huyo maisha yake yote, ingawa hakulijua jina lake.

Alirudi Kuldīga mwaka 1956, akalelewa na shangazi yake Otīlija. Alimaliza sekondari mwaka 1961, akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzake wote, kisha akasomea historia kwa njia ya posta katika chuo kikuu cha Riga hadi 1969. Tangu tarehe 1 Septemba 1963 alifanya kazi katika jumba la makumbusho la mji, kwanza akifuta vumbi, baadaye akitunza nguo na vitu vya kufumwa.

Ni vumbi hilo lililompatia mume. Mwaka 1966 Arvīds, dereva wa lori la maziwa, aliingia kujikinga na mvua, akajikalia kwenye kiti cha maonyesho.

"Wee! Ondoka hapo! Hicho kiti kina miaka mia mbili!"

"Mimi nina ishirini na tisa tu, dada, lakini nimechoka kukishinda."

Walifunga ndoa tarehe 10 Juni 1967 na kujaliwa watoto wawili, Guntars na Inese. Arvīds alitutangulia mwaka 2020, na hadi mwisho alikuwa akidai kwamba kile kiti kilikuwa cha raha.

Kazini walimwita Mama Rejista. Kila kitu kilichoingia kiliandikwa katika daftari kubwa, na sheria yake ilikuwa moja: kosa halifutwi wala halibanduliwi. Unalipiga mstari mmoja mwekundu ili liendelee kusomeka, unaandika ukweli juu yake, unatia saini. Vijana waliokosea tarehe hata kwa mwaka mmoja walikiona cha moto. "Rejista haidanganyi," aliwaambia. Sisi watoto tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu ripoti za shule.

Basi rejista ilidanganya, na aliyeidanganya ni yeye. Mwaka 1971 shangazi Otīlija alikuta ile glavu ya kushoto chini ya sanduku. Nyota ile, ambayo watawala waliihesabu kuwa alama ya kudai uhuru, na habari ya ilikotoka, zilitosha kumfukuzisha mtu kazi siku hizo.

"Ichome, mtoto. Utatuponza sote."

Valija hakuichoma. Aliipeleka kazini na kuiandika kwa mwandiko wake mzuri: *Glavu moja ya mfuga kuku wa shamba la ushirika, takriban 1950. Ya pili imepotea.* Droo ya serikali ilikuwa mahali pa mwisho ambapo serikali ingetafuta. Nchi ilipopata uhuru wake tena, angeweza kusahihisha, lakini alishakemea wengi mno. Aliona aibu, na aibu hiyo ikakaa droo moja na mama yake.

Mwaka 2018 taifa letu lilitimiza miaka mia. Makumbusho yakaandaa maonyesho ya vitu mia moja vya karne yetu, chini ya Madara, kijana aliyefundishwa kazi na Mama. Siku ya kuchagua, Madara aliishika ile glavu.

"Mama Valija, hii ya mfuga kuku tuiache, eti? Haina habari yoyote."

Mama alisema, "Ngoja kwanza," akaibeba rejista mpaka nyumbani, jambo ambalo angemfukuzia mtu mwingine kazi. Aliifungua mezani na kukaa mbele yake na kalamu nyekundu mpaka chai ikapoa.

"Nikiandika, watajua nilidanganya miaka arobaini na saba," alimwambia Arvīds.

"Usipoandika, mama mkwe wangu ataendelea kufuga kuku."

Alipiga mstari. Juu yake aliandika jina la mama yake, Siberia, 1955, na kwamba glavu ya pili haikupotea, ilitolewa. Tarehe 17 Novemba, kwenye ufunguzi, alisimama mbele ya mji mzima.

"Niliandika uongo. Kwa mkono huu huu niliowanyooshea vidole wengine. Naombeni radhi, na mama yangu zaidi ya wote."

Kisha Mzee Voldemārs, jirani wa zamani wa Vecbērzi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Emīlija na kuku wapi na wapi! Kuku walikuwa wanamkimbia!"

Mama alicheka mpaka akalia. Hakujua kwamba bado kulikuwa na mtu hai anayemkumbuka mama yake. Vitu mia moja vikawa mia moja na kimoja, na hakuna aliyelalamika.

Alistaafu mwaka 2019. Mwaka 2021 ugonjwa wa kutetemeka ulimshika mikono, naye akauchukulia kama mgeni asiyejua kuaga. Tunawashukuru wauguzi waliomtunza, na Madara aliyekuja kila Jumatano na jibini na umbea. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Januari 2024, baada ya kunywa chai yake yote.

Ameacha watoto, Guntars na Inese. Wajukuu watatu, Rasma, Edvīns na Ance. Kitukuu mmoja, Tālis. Na rejista isiyo na uongo.

Ameacha pia jozi sita za glavu kwa wanaombeba na kumchimbia leo. Alizifuma kwa mikono ile inayotetemeka, akaambatanisha karatasi: *Jozi, si moja moja. Msiziweke kwenye kabati la kioo. Vaeni.* Guntars amevaa ya sita. Nyota yake imekosewa pembe moja. Mama hakuifumua. Juu ya kosa amepitisha uzi mmoja mwekundu.

Apumzike kwa amani Valija wetu, na mikono inayombeba isione baridi.