Nilivyokataa Kulitoa Jina Lake Kwenye Leseni

Assalaam aleikum, na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Mdomo wangu mnaujua, leo nivumilieni, maana najisema mwenyewe.

Mimi na jamaa yangu wa Tanga tulifungua kampuni ndogo ya vipuri vya magari kule Ras Al Khor, hapa hapa Uarabuni. Kafeel, yule mwenyeji wa kutudhamini, tulikuwa naye, leseni ukutani, na meneja aliyeandikwa ni jamaa, kwa sababu yeye mpole, mimi wa kugombana na wateja. Halafu baba yake akaugua, akarudi nyumbani moja kwa moja.

Dada mmoja wa Mombasa anayetuchapia fomu za serikali akaniambia, "Meneja akiondoka, wapaswa uwajulishe watu wa leseni. Badilisha jina."

Nikamjibu, "Dada, huyu tumelala naye kitanda kimoja kwa zamu pale kambi ya vibarua ya Sonapur, leo nimfute?"

"Kwani hilo ni kaburi? Ni leseni!"

Nikatoka nimenuna. Leseni ilipoisha muda, fomu ya kuihuisha nikasaini mimi, kwa jina lake. Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona mwaminifu kweli!

Mwaka uliofuata, nilipokwenda kuihuisha tena, kijana wa dirisha la leseni akasema, "Meneja aje mwenyewe." Nikapandisha hasira. Nikagonga kaunta, nikatukana kwa Kiswahili, mlinzi akanishika mkono mpaka mlangoni.

Sasa sikilizeni. Tulikuwa na vijana watatu, visa zao ziko chini ya leseni ile, zimebaki wiki tatu. Leseni isipotoka, visa hazitoki, khalas, basi, wanapanda ndege kurudi kwao. Mmoja akaniuliza, "Bro, mke wangu nimwambie nini?"

Nikarudi kwa dada, nikachukua kalamu nisaini tena. Simung'unyi maneno, kalamu ilishagusa karatasi. Dada akaivuta ile fomu. "Ukisaini hapo, mimi sichapi. Mpigie simu mwenye jina."

Nikampigia, hasira na machozi pamoja. Jamaa akacheka weee, kisha akawa mkali.

"Mjinga wewe, mwaka mzima umeniacha humo? Siku wakimtaka meneja kwa kosa, si watanitafuta mimi? Nitoe! Undugu wetu hatukuuandikisha serikalini."

Nikakaa chini. Kumbe nilikuwa namtwisha mzigo, naita mapenzi.

Jamaa akaandika barua ya kujiuzulu, akasafiri mpaka Dar, kwenye ubalozi wa nchi hii, igongwe muhuri. Mimi nikarudi dirishani na kafeel, nikaomba radhi, nikaeleza yote, na ile saini pia. Kafeel alinigombeza mbele za watu, masikio yakawaka moto. Faini tulipigwa. Lakini leseni ikatoka, meneja ni mimi, na visa zote tatu zikagongwa. Mmoja wao yule pale nyuma, anamaliza sambusa zenu.

Dada, asante kwa kunivuta karatasi mkononi. Kafeel wetu, Mungu ampe afya, na mdomo wake ule ule. Jamaa yangu, bado ni ndugu, tena zaidi.

Nanyi wenye vikampuni hapa, mkifika nyumbani someni leseni zenu. Aliyeandikwa meneja yupo? Ofisi iko pale palipoandikwa? Kama sivyo, nendeni mkaseme kabla hamjaulizwa. Na kama mwenye jina yuko mbali, mpigieni leo, muulizeni kama anataka kubaki humo.